Ukumbi wa jamii, baraza haikaliwi

Nianze na haki ya mafundi, kabla hasira hazijanizidi. Hilo jengo la kale la pwani lililokarabatiwa liwe ukumbi wa jamii, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, wamelitendea haki. Kuta za mawe ya matumbawe wamezipiga chokaa, si saruji. Saruji huufungia unyevu wa chumvi ndani mpaka jiwe likamomonyoka. Chokaa huuacha utoke. Boriti za mikoko zilizooza wamezibadilisha kwa boriti nyingine za mikoko, na vyumba wameviacha vyembamba vilevile, kwa kuwa urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba tangu mwanzo. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale la hapa hapa, iporomoke Desemba 2020, mimi nikiingia jengo la zamani natazama dari kwanza. Hapa nilitazama, nikatulia. Nyota nne, nikasema moyoni.

Sasa njoo nje.

Kikundi chetu kilikodi ukumbi, nikaenda na mama. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo akakaa barazani tukingoja mlango ufunguliwe. Akatokea mlinzi, kijana wa kumzaa yeye. Shikamoo hakutoa. "Bibi, hapo hapakaliwi."

Mama akadhani chokaa bado mbichi. "Haijakauka, mwanangu?"

"Imekauka. Migongo ya watu inachafua ukuta."

Migongo! Baraza ya mawe imejengwa ikaliwe na nani kama si watu? Na chokaa kazi yake ndiyo hiyo, ichakae kisha ipakwe tena. Ndoo moja na brashi, basi. Waliokarabati wanajua hivyo, maana baraza wameitengeneza upya kwa ustadi. Kisha akaja mwingine akaweka mnyororo.

Nilimfuata msimamizi. Akaniambia huo ndio utaratibu, na kwamba viti vipo ndani kwa waliolipia. Wazee wa mtaa waliokuwa wakipunga upepo pale kabla ya ukarabati, wao walipie nini? Bango la mlangoni linasema "jamii", herufi kubwa kabisa.

Basi zile nyota nne nimezifuta. Natoa mbili, zote za mafundi. Au tatu, kwa sababu mle ndani ule upepo wa bahari ukipita madirishani feni huikumbuki, nami siwezi kusema uongo. Uongozi sina cha kuwapa.

Mwezi ujao tumeshalipia tena, kwani ukumbi kama ule kwa bei ile hatujaupata kwingine. Mama amesema haji.