Kitagio cha bati cha kubingirisha mayai: nunua, lakini kirekebishe kwanza

Kitagio cha bati cha matundu matatu, kile ambacho yai likishatagwa huteremka lenyewe hadi kwenye kihori kilichofunikwa, kinauzwa kwenye maduka ya pembejeo na mafundi wa kuchomelea nao wanakitengeneza. Kwa mwenye mitetea 12 hadi 15 ya mayai nyuma ya nyumba, tunakipendekeza. Hesabu ni tundu moja kwa kuku wanne au watano, hivyo matundu matatu yanawatosha bila kugombania. Ila kikitolewa dukani na kuwekwa bandani jinsi kilivyo, kuku wengi watakikwepa na kutaga chini kwenye kona, na mwenyewe ataona amepoteza hela.

Uzuri wake mkubwa ni usafi wa mayai. Yai hutoka likiwa na unyevu, na utando unaolilinda hukauka muda mfupi baadaye. Katika sanduku la mbao yai hilo hubaki palepale, mtetea anayefuata anaingia na miguu ya tope, analikanyaga, linapasuka, na kuku wanaonja kiini. Kuku akishazoea kuonja, kumwachisha ni kazi kubwa. Sakafu yenye mteremko inakata mlolongo huo mwanzoni: mtetea akinyanyuka, yai limeshaondoka.

Mteremko wenyewe ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kwa sakafu yenye kina cha sm 40, upande wa juu uuzidi upande wa chini kwa sm 5 hadi 6, yaani kama nyuzi 8. Ukipungua chini ya sm 4, yai hukwama katikati na kuku hulidonoa. Ukifika sm 8, yai hushuka kwa kasi, likagonga lililotangulia na kupata ufa mwembamba usioonekana mpaka ulimulike kwa tochi. Tena kuku hapendi kutulia mahali anapohisi anateleza. Nenda dukani na yai moja la kuchemsha. Weka kitagio pasipo na mwinuko, liweke yai nyuma ya kila tundu, uliachie. Linatakiwa lianze lenyewe na litue kwenye kihori bila kutoa mlio wa kugonga bati. Nyumbani, panga miguu ya kitagio kwa pimamaji, kwa sababu sakafu ya banda ikiinama kidogo tu hesabu yote inaharibika.

Angalia pia uwazi ambamo yai linapita. Yai la kawaida lina upana wa karibu sm 4.5 na urefu wa sm 5.5 hadi 6, na halishuki kwa ubavu kila mara, hivyo uwazi wa sm 6.5 unatosha. Ukiwa wa sm 10, kuku anapitisha kichwa na kufuata yai kihorini. Kihori nacho kitandikwe sponji au kipande cha mpira wa kandambili ukutani ambako yai linatua.

Sakafu ya wavu mtupu tunaikataa kabisa. Waya unapasua mayai na unaumiza nyayo. Lazima juu yake pawe na zulia la plastiki lenye vinyweleo au vitundu, linalotoka kwa urahisi. Kila wiki litoe, likung'ute, lioshe kwa maji ya sabuni, lianike juani likauke kabisa. Ukiwa na zulia la akiba kwa kila tundu, matundu hayakai bila zulia wakati mazulia mengine yanakauka.

Bati lina kasoro mbili zake. Ya kwanza ni kingo. Pitisha kitambaa kwenye ukingo wa kila tundu: kikikwaruzika, mguu wa kuku nao utachanika, na jeraha dogo la unyayo huingia vijidudu na kuvimba hadi kuku achechemee. Piga tupa, kisha vika kipande cha bomba la maji la mpira lililopasuliwa kwa urefu. Ya pili ni joto. Sehemu za pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kitagio kilichoegemea ukuta wa bati unaopigwa na jua la mchana kinageuka tanuri. Ukimwona mtetea ametanua mdomo na kuhema ndani ya tundu, hapo pana joto mno. Kiache mbali na ukuta kwa sm 5, toboa matundu ya mm 10 matano au sita juu ya kila chumba chini kidogo ya paa, na usikielekeze magharibi.

Bati jipya pia linang'aa, na mtetea anatafuta mahali pa giza. Geuza milango isitazame dirisha, kisha ning'iniza vipande vya gunia vilivyochanwa, vifunike nusu ya mlango. Kazi hii ndogo ndiyo inayowarudisha kuku wengi waliokuwa wakitaga chini.

Kuhusu urefu, sakafu ya kitagio iwe sm 45 hadi 60 kutoka chini, na fito za kulalia ziwe juu zaidi ya milango yake. Kuku hulala mahali pa juu kuliko pote anapopafikia. Kitagio kikiwa juu ya fito atalala humo, na kinyesi cha usiku mzima kitaishia kwenye zulia. Kwa sababu hiyo hatupendekezi kile cha matundu sita cha ghorofa mbili kwa banda dogo. Safu yake ya juu inafika karibu sm 90, fito zitalazimika kupanda zaidi ya mita moja, na kuku wazito kama Kuroiler wanaumia miguu wakiruka kushuka. Chagua chenye kijiti cha kutulia kinachokunjwa kufunga mlango jioni. Ila kikumbukwe kufunguliwa kabla hakujapambazuka, maana mayai mengi hutagwa asubuhi.

Upana wa sm 30 unawafaa mitetea wepesi kama ISA Brown. Kwa Kuroiler na Sasso dai sm 35, na usikubali kuambiwa watajibana.

Wanaosema bati halina utitiri wanapotosha. Una sehemu chache za kujificha kuliko kwenye nyufa za mbao, lakini unakaa kwenye mikunjo ya bati, kwenye riveti na chini ya zulia. Hutoka usiku kunyonya damu. Chukua tochi na kitambaa cheupe, pangusa chini ya zulia na kwenye mikunjo. Ukiona michirizi myekundu, toa kila kinachotoka na mwagia maji yanayochemka kwenye mikunjo yote, kisha rudia baada ya siku tano hadi saba, kwa kuwa mayai ya utitiri yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Ukitumia dawa, soma kwenye kibandiko ni siku ngapi mayai hayaliwi.

Kitagio kiwekwe bandani wiki mbili kabla ya kutaga kuanza, yaani kuku wa kisasa wakiwa na wiki 16 hivi. Mitetea waliozoea maranda watandikiwe konzi mbili juu ya zulia, zipunguzwe kidogo kidogo kwa siku kumi. Yai la plastiki la kuwavutia kutaga humo liwekwe kwenye kona ya juu na lizuiwe kwa waya lisibingirike.

Kwa kuku wa kienyeji wanaoatamia, usikinunue. Mtetea anahitaji kukalia mayai yake siku 21, na hapa kila yai linamkimbia. Huyo atengenezewe sanduku la plaiwudi la mm 12: matundu matatu ya sm 30 kwa 30, urefu sm 35, kizingiti cha sm 12 mbele, paa lenye mwinamo mkali ili wasilalie juu, na maranda ya sm 7. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatosha na kipande kikubwa kinabaki. Sakafu iachwe bila misumari, ichomolewe kama droo siku ya kusafisha.