Kitufe cha kuhifadhi kilipokuwa kinasusa: miaka mitatu na makro za Excel dukani

Dada wa kaunta alibofya "Hifadhi" mara tatu, kisha akanigeukia: "Kaka, limegoma tena." Mteja na fundi wake walikuwa wanasubiri nondo 40 za milimita 12, kirikuu kiko nje kinanguruma. Fomu ya mauzo kwenye kompyuta ilikuwa inajifuta kila akibofya, kama kawaida yake, ila jumla ya siku pale chini haikusogea hata shilingi. Ndiyo maana aliandika upya, halafu upya tena. Mwisho tukaandika kwa mkono, mteja akaenda zake. Jioni nilipofungua shiti ya madeni nikakuta nondo 120 zimejipanga chini ya majina ya wadaiwa.

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta nimejifunzia kazini. Faili la mauzo nililikuta: shiti ya bidhaa, ya mauzo, ya madeni na ya profoma, pamoja na fomu yenye vitufe vinne inayofunguka kwa Ctrl+Shift+M popote ulipo. Nyuma yake kuna makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ili Excel ifanye kazi yenyewe. Likiwa na afya ni raha tupu. Tabu yake ni kwamba siku nne linakwenda vizuri, ya tano linasusa, na kila mtu pale dukani ana dawa yake. Dawa kuu ilikuwa zima, washa.

Usiku ule nilibonyeza Alt+F11 kufungua dirisha la msimbo, yaani maandishi ya makro zenyewe, nikaupitia mstari kwa mstari kwa kitufe cha F8. Jumla ya siku ilikuwa inasomwa kutoka shiti ya Mauzo kwa jina, lakini pale pa kuandika palikuwa na Range (neno la kutaja seli) peke yake, shiti haijatajwa. Ukiandika hivyo kwenye fomu, Excel inachukua shiti yoyote iliyo wazi mbele yako wakati huo. Dada alikuwa amefungua madeni kumwangalizia mteja aliyetangulia, akaiita fomu akiwa hapo hapo. Kitufe kilifanya kazi mara zote tatu, tena kwa bidii. Nikaweka ThisWorkbook.Worksheets("Mauzo") mbele ya kila Range, sehemu kumi na moja kwa jumla. Chakula kilipoa mezani.

Siri ya zima-washa niliipata baada ya wiki kadhaa, na hii ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kwenye profoma, ukiandika namba ya bidhaa bei inajijaza yenyewe. Ili isijiite yenyewe bila kikomo, makro huzima matukio kwanza (ile tabia ya Excel ya kuamsha makro seli inapobadilika) kwa Application.EnableEvents = False, inaandika bei, kisha inawasha. Sasa mtu akiandika "mm12" mahali panapotakiwa namba, makro inaanguka katikati. Unatokea ujumbe wa hitilafu, dada anabofya "End" kwa sababu mteja anasubiri, na ule mstari wa kuwasha haufikiwi kamwe. Kuanzia hapo bei hazijijazi kwenye faili lolote lililofunguliwa, mpaka Excel yote ifungwe. Kumbe wazee wa zima-washa walikuwa wanasema kweli, ila hawakujua kwa nini! Sasa makro ikiteleza inarukia mwishoni, inawasha matukio kabla ya kutoka, na kumwambia dada kwa Kiswahili kwamba namba haieleweki. Ikikukuta bila tiba hiyo, bonyeza Ctrl+G kwenye dirisha la msimbo, andika Application.EnableEvents = True, piga Enter. Huna haja ya kufunga kitu.

Kosa moja nililitia mwenyewe kwa kupenda usafi. Kitufe kiliitwa CommandButton1, nikakibatiza btnHifadhi. Asubuhi kimya kabisa, hata ujumbe wa hitilafu hakuna. Msimbo wake bado ulikuwa unaitwa CommandButton1_Click, na hakuna tena kitufe cha jina hilo cha kuuita. Ukibadilisha jina la kitufe, badilisha na la msimbo wake.

Tarehe nazo zilikuwa na uchawi wake: tarehe 13 hadi 31 ziko sawa, tarehe 1 hadi 12 zinageuka, ya 3 Aprili inakuwa ya 4 Machi. Maandishi ya kwenye fomu yakiingizwa kwenye seli na VBA, lugha ya makro, husomwa Kimarekani, mwezi kwanza. Mwezi wa 13 haupo, basi hapo inakubali mpangilio wetu. Nikayapitisha kwenye CDate, amri ya VBA ya kugeuza maandishi kuwa tarehe, inayofuata mpangilio wa kompyuta yenyewe, yakatulia.

Tawi la pili nalo lilikuwa na malalamiko yake. Faili likienda kwa flashi linafunguka vizuri, likienda kwa barua pepe linatoa utepe mwekundu na vitufe vyote vinakufa. Hapo simlaumu mtu. Tangu mwaka 2022 Microsoft inazuia makro za VBA kwenye mafaili yaliyotoka intaneti, na makro za barua pepe zimeshaingiza virusi kwenye ofisi nyingi. Faili lililopakuliwa huwekewa alama kwamba limetoka intaneti. Flashi yetu, kama nyingi, ni ya FAT32, mfumo wa kupanga mafaili usioweza kubeba alama hiyo. Ukiwa na uhakika nani kalituma, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda Properties, weka tiki kwenye Unblock. Kama huna uhakika, mpigie simu kwanza.

Je, ningependekeza? Kwa duka la kompyuta moja, ndiyo, kama yupo mtu mmoja asiyeogopa Alt+F11. Kwa kaunta mbili zinazoandika faili moja kwa wakati mmoja, hapana, tulijaribu siku mbili tukaacha. Na usikubali kutengenezewa faili ambalo msimbo wake umefungwa kwa nenosiri usilopewa.

Vitufe vinne nimevipunguza vikabaki viwili. Chini ya fomu nimeongeza kijisehemu kinachoonyesha mahali mauzo yalipoandikwa. Jana dada alikuwa anahesabu mifuko ya saruji, akapaza sauti bila kunitazama: "Mauzo, mstari wa mia nne kumi na nane, kaka." Nikatia tiki kwenye daftari.