Kidonda cha Usoni: Ngozi ya Jirani au ya Kupandikiza?
Umeanguka na bodaboda ukaacha nyama ya shavu kwenye lami ya Ubungo, au umetolewa saratani ya ngozi puani. Daktari asogeze ngozi ya jirani, au akate ya nyuma ya sikio aipandikize?

Kwa sura, ya jirani inashinda. Rangi na unene vinalandana, na huja na mishipa yake ya damu, hivyo hushika hata juu ya mfupa mtupu. Ya kupandikiza hutegemea damu ya kidonda chenyewe. Kwa sisi weusi mara nyingi hugeuka kiraka cheusi zaidi, tena husinyaa.

Ila ya jirani huongeza makovu, na ya paji la uso kwenda puani hudai upasuaji wa pili, kwa kawaida baada ya wiki 3 hivi. Muda wote huo una kamkonga usoni, yaani kipande cha ngozi kinachounganisha paji na pua. Kwenye mwendokasi utatazamwa!

Kupandikiza ni kwepesi zaidi kwa mzee dhaifu, na saratani ikirudi huonekana mapema. Mwenye ualbino aliyekatwa mara kadhaa huenda hana ngozi jirani nzima ya kuazima. Kijana mwenye tundu dogo shavuni, ningemwambia aulizie kwanza ya jirani. Sigara aache: huweza kuziua zote mbili.