Programu ya kuokoa picha iliyoungua: kagua kingo kabla hujalipa

Nililipia programu moja kwa sababu ya tangazo. Anga jeupe kabisa, mtu anaburuta kitufe kimoja, mawingu yanarudi. Wiki hiyohiyo nilikuwa na picha ya bibi harusi aliyesimama juani saa saba mchana, bega la kushoto la gauni limeungua, yaani limepigwa na mwanga mwingi hadi likabaki jeupe tupu. Nikaburuta kitufe kama kwenye tangazo. Kwa mbali gauni lilipendeza. Nilipokuza hadi asilimia 100, pale penye maua ya lesi palikuwa na baka la kijivu, na kulizunguka baka hilo kulikuwa na utepe mwembamba wa waridi, kama rangi ya mdomo iliyofutwa vibaya. Mwenye picha aliuona utepe huo kabla sijafungua kinywa.

Kwa hiyo hapa sizungumzii kasi, wala wingi wa vichujio, wala uzuri wa menyu. Hayo kila muuzaji atakusimulia. Mimi naangalia ukingo: mahali ambapo sehemu iliyoungua inakutana na sehemu iliyosalimika.

Waridi ile ina chanzo chake. Kihisi cha kamera hupima nyekundu, kijani na bluu, na kwenye mwanga wa mchana kijani ndiyo hujaa mapema kwa kamera nyingi. Ikishajaa haipandi tena, hata jua liwe kali vipi. Kisha programu inaposawazisha weupe, ili kitu cheupe kionekane cheupe, huongeza nguvu ya nyekundu na bluu. Kijani imekwama, wenzake wawili wamepanda. Ukishusha mwanga bila kujali hilo, nyeupe inageuka waridi. Programu dhaifu huacha hivyo, au huficha aibu kwa kupaka kijivu. Programu nzuri hukisia kijani iliyopotea kutokana na rangi mbili zilizobaki na majirani wa eneo hilo, na hukisia kwa namna ambayo jicho halioni mahali ukisiaji ulipoanzia.

Haya yote yanahusu faili za RAW, yaani data ghafi ya kihisi kabla kamera haijaibana kuwa picha ya kawaida ya JPEG. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na sehemu kubwa ya ngazi hizo iko kwenye mwanga mkali, palepale unapotaka kuokoa. Kama unapiga JPEG peke yake, usinunue chochote kwanza. Badilisha mpangilio wa kamera upige RAW.

Chaguo langu la kwanza ni Lightroom Classic, na sifichi kwamba naipendelea. Tangu kampuni ya Adobe walipoubadilisha mfumo wake mwaka 2012, wakaondoa kitufe cha Recovery na kuleta Highlights (cha sehemu zenye mwanga mkali) na Whites (cha sehemu nyeupe kabisa), sijapata programu inayopita kwenye ukingo kwa utulivu kama huo. Bega lile la gauni nililirudia humo. Highlights nikaishusha hadi -100, nikainua Whites kidogo ili kitambaa kisife, kisha nikaweka barakoa, yaani mpaka wa eneo la kuhariri, juu ya gauni peke yake ili ngozi ya uso isipauke. Maua matatu ya lesi yalirudi. La nne halikurudi, kwa sababu hapo rangi zote tatu zilikuwa zimejaa, na penye kujaa zote tatu hakuna cha kuokoa. Lakini utepe wa waridi haukuwepo. Ukibonyeza Alt huku ukiburuta Whites, skrini inakuwa nyeusi na kukuonyesha ni rangi ipi imejaa na wapi. Hilo peke yake limenifundisha mengi. Camera Raw iliyo ndani ya Photoshop hutumia injini hiyohiyo.

Kinachoniuma ni namna inavyouzwa. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ilikuwa ya mwisho kununuliwa ukaimiliki. Sasa unakodi. Ukiacha kulipa, picha zako unaziona lakini sehemu ya kuhariri, Develop, inafungwa, na kazi ya miaka yako inakaa nyuma ya kioo. Mpiga picha ambaye miezi mingine hana kazi hata moja anadaiwa sawa na mwenye kazi kila wikendi. Hilo si haki, na nitalisema kila nikiisifu programu hii.

Ya pili ni darktable, ya bure. Moduli yake ya kujenga upya mwanga ina njia kadhaa, na ile inayoitwa inpaint opposed huondoa waridi vizuri. Inataka subira ya kujifunza. RawTherapee nayo ni ya bure na inafaa. Capture One naiweka ya tatu. Ina Highlight na White zake, na wanaokataa kukodi wanaweza kununua leseni ya kudumu. Kwenye simu, Snapseed inatosha kwa picha ya familia.

Presets msinunue kwa kazi hii. Preset ni vitufe vilivyokwisha kuburutwa na mtu mwingine kwa picha yake. Na zile zinazojaza eneo lililoungua kwa akili bandia hutengeneza lesi mpya kabisa, nzuri pengine, ila si ya gauni lile.

Wauzaji nao wanatuchezea. Lile anga la kwenye tangazo mara nyingi halikuungua hata kidogo: ni RAW iliyoongezwa mwanga kwenye skrini, kisha ikarudishwa ilipokuwa. Programu yoyote inaweza hilo. Ndiyo maana tumia siku za majaribio kwa picha yako mwenyewe, ile mbaya kabisa: paji la uso lenye jasho, shati jeupe juani, taa ya jukwaani. Shusha mwanga hadi mwisho, kuza hadi asilimia 100, fuata ukingo taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiona waridi, futa programu hiyo kabla siku za majaribio hazijaisha na kadi yako haijakatwa.