Kuvuka Kwenda Kisiwa cha Lindisfarne: Uzoefu Wangu na Ratiba ya Maji

Nimekulia Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako maji yakipwa wanawake hushuka kwenye mashamba ya mwani na kurudi yanapoanza kujaa, bila kutazama saa ya mkononi. Kwa hiyo nilipokwenda Lindisfarne mwezi Juni, kisiwa kilicho kaskazini-mashariki mwa Uingereza karibu na mpaka wa Uskoti, nilidhani jicho langu lingenitosha. Halikunitosha, na ndiyo sababu ninawaandikia Waswahili wenzangu wanaoishi huku au wanaokuja kutembea.

Kisiwa kinaunganishwa na bara kwa barabara ya lami iliyofunguliwa mwaka 1954, ambayo bahari huifunika mara mbili kwa siku. Halmashauri ya Northumberland hutoa ratiba ya saa salama za kuvuka kwa kila siku, nayo huonyeshwa pia kwenye vibao barabarani. Huduma hii ni ya bure na ninaipa alama zote, kwa kuwa ndiyo iliyotuokoa. Nyumba ya wageni tuliyolala upande wa bara ilitupa karatasi yenye saa za kuvuka zilizokokotolewa kutoka programu fulani ya simu, na programu hiyo ilifuata saa za GMT, ilhali wakati wa kiangazi Waingereza husogeza saa zao mbele. Karatasi ilituruhusu kuvuka saa tatu na nusu asubuhi. Kibao kilisema saa nne na nusu. Tulisimamisha gari, na kwa macho yetu tukayaona maji yakitiririka bado juu ya lami karibu na daraja. Sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tuwe waangalifu zaidi: kila aliyemo garini aelewe kwamba 10:30 ya kibao ni saa nne na nusu asubuhi, wala si saa kumi na nusu.

Kwetu mwamba hukuonya, maana mngurumo wa mawimbi ukibadilika unajua maji yanapanda. Hapa hakuna mwamba wa namna hiyo. Nchi ni tambarare, na maji huingia kimya kupitia vijito, yakitokea pande mbili, hivi kwamba mtu anaweza kuiona lami kavu mbele yake wakati sehemu ya bondeni imeshafunikwa. Karibu na daraja kuna kibanda cheupe kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi, kwa ajili ya wale walionaswa. Nilishuka kukitazama: mwani mbichi ulikuwa umejisokota kwenye nguzo, na alama ya unyevu ilinifika kifuani. Atakayenaswa aache gari, apande kibandani na kupiga 999, akiomba walinzi wa pwani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kukamilika, muda wa kuvuka hupungua, na upepo mkali unaweza kuyaleta maji kabla ya saa iliyoandikwa. Kwa hiyo dakika za mwisho za ratiba msizitumie kabisa.

Wapo wanaovuka kwa miguu juu ya mchanga, wakifuata safu ya miti iliyosimikwa kuwaongoza mahujaji. Tulitembea sehemu ndogo tu, pekupeku, tope likitufika vifundoni, tukazisikia sauti za sili, wanyama wa baharini, kutoka mbali kama watu wanaoomboleza. Anayetaka kuimaliza njia yote aanze maji yakiwa yanakupwa, na awe amefika ng'ambo kabla nusu ya muda salama haijapita, maana kutembea kwenye mchanga huo kunachosha kuliko mtu anavyofikiri.

Kijijini tulikaa saa tatu, nyingi kati ya hizo kwenye magofu ya nyumba ya watawa, mahali ambapo Aidan, mtawa aliyetoka Iona, kisiwa cha Uskoti, alianzisha jumuiya yake mwaka 635, na ambapo Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walishambulia mwaka 793. Ngome tuliitazama kwa nje tu, na sijuti. Tuliondoka saa moja na nusu kabla ya muda kwisha, huku magari mengine yakiwa bado yanaingia, jambo lililonisikitisha kwa sababu nyuma ya gari moja niliona watoto wawili.

Tulipofika tulikolala, tuliliosha gari upande wa chini kwa maji baridi usiku uleule, kwa maana chumvi ya barabara ile hushika hata kwenye breki.