Uzoefu wangu: Farm Management Handbook of Kenya na ramani za 1:50,000 kwa jografia ya Magharibi

Watu wengi wakitaka kusoma jografia ya huku kwetu hukimbilia atlasi ya shule, na si mbaya, lakini kutoka Kisumu mpaka Kitale kwenye hiyo atlasi ni nafasi ya kidole gumba, sasa utaona nini hapo? Mimi nafundisha jografia sekondari huku Vihiga na kitu kimenisaidia kuliko vyote ni Farm Management Handbook of Kenya, ile ya Jaetzold na Schmidt, juzuu ya pili sehemu A, Magharibi mwa Kenya. Jina lisikutishe, si ya maafisa wa kilimo peke yao. Toleo la kwanza lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 80 chini ya Wizara ya Kilimo wakisaidiwa na Wajerumani, la pili likaja miaka ya 2000, na unaipata PDF bure mtandaoni, ila faili ni nzito kwa hivyo tafuta waifai kwanza, usimalizie bando yako hapo.

Uzuri wake ni huu. Kila wilaya imegawanywa kwa kanda za kilimo, herufi zinakuonyesha joto kulingana na mwinuko na namba zinakuonyesha unyevu, kwa hivyo ukiona LM1 unajua ni nyanda za kati za chini zenye mvua ya kutosha miwa, ndio Mumias hiyo, ukiona UM1 umepanda juu kwenye kahawa na chai, ndio sisi huku Vihiga, na ukishuka Bondo karibu na Ziwa Victoria unaanza kukutana na kanda za pamba. Mtu amepanda matatu Kisumu akielekea Kakamega ameyaona haya yote dirishani lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini yanabadilika haraka hivyo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Kakamega imepita 1,500, Kisumu mjini wanapata kama milimita 1,300 za mvua kwa mwaka na Kakamega karibu 2,000, na hapo katikati ni safari fupi tu. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu unakutana na ule wa kutoka mashariki juu ya milima, hewa inapanda, na ndio maana ile mvua yetu ya saa kumi jioni na radi zake haikosi. Wanafunzi wangu wakishaona jedwali la vituo vya mvua, kila kituo na mwinuko wake na wastani wa kila mwezi, wanaacha kukariri wanaanza kuuliza maswali.

Kitu kingine nakipenda sana ni kwamba hawakuachii wastani peke yake. Wanakupa pia kiasi cha mvua ambacho mkulima anaweza kukitegemea miaka mingi kuliko ile ambayo kitakosa, manake wastani unadanganya, mwaka mmoja wa mafuriko unaupandisha na huku mahindi ya watu yalikauka mara mbili kabla ya hapo.

Sasa lawama, na hii kubwa inaniuma kweli. Kitabu kimefuata mipaka ya mikoa ya zamani. Western na Nyanza ziko sehemu A, lakini Nandi, Kericho na Nakuru zilikuwa Rift Valley kwa hivyo ziko sehemu B. Mto Nyando haujui mambo ya mikoa jamani. Maji yanaanzia milimani juu huko Nandi na Kericho, yanashuka, yanafika Kano ambapo ardhi ni tambarare na udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na watu wa Ahero wanahama nyumba hata kama kwao haijanyesha. Ukisoma sehemu A peke yake utaona mafuriko na usione yanakotoka. Kwa hivyo chukua zote mbili, usifanye uchoyo. Ile ya miaka ya 80 nayo bado inaiweka Vihiga ndani ya Kakamega, na kaunti zenyewe zimeanza kazi 2013, itabidi uwe na kalamu unaandika pembeni.

Pamoja nayo natumia ramani za Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, za 1:50,000, zile zile ambazo mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari hutoa kipande chake. Sentimita mbili ni kilomita moja, kontua, yaani mistari ya mwinuko, kwa kawaida ni kila mita 20, na ukiangalia pale barabara inapotoka Kisumu kupanda Maragoli utaona mistari imebanana hadi karibu igusane, halafu ukisogea kusini huko Kano inapotea kabisa, karatasi inabaki nyeupe na mitaro ya maji tu. Hapo huhitaji maneno mengi darasani. Lakini nunua ya rangi! Kuna duka la vitabu waliniuzia fotokopi nyeusi na nyeupe kwa bei ya kuudhi, kontua, mito na njia za miguu zote rangi moja, haisomeki, mtoto atajifunza nini.

Nyingi ni za zamani pia. Ukiwa na ya Nakuru uilinganishe na picha ya setilaiti, Ziwa Nakuru lilianza kupanda kama 2010 hivi mpaka geti kuu la mbuga likabidi lihamishwe, ufuko uliochorwa pale uko chini ya maji sahii. Mimi huifanya iwe zoezi, wachore ufuko mpya juu ya ule wa zamani, wanalipenda.

Za idadi ya watu usinunue kitu, ripoti za sensa ya 2019 ni bure kwa tovuti ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya. Vihiga tuko zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita mraba, iweke hiyo kando ya UM1 uone mbona mashamba yetu yamekatwa vipande vidogo hivi.

Kwa simu majedwali ya Handbook ni madogo mno, macho yatauma. Nenda saiba uprinti kurasa za wilaya yako na ramani yake ya kanda kwa rangi, pamoja na ile ya jirani yako wa juu mtoni.