Crimson Peak au Dracula ya 1992: uanze na filamu ipi?

Kwa hofu, Dracula ya mwongozaji Francis Ford Coppola inashinda. Damu inamwagika tangu dakika za mwanzo. Mavazi ya Eiko Ishioka yalipata Oscar, na viinimacho vya filamu hiyo karibu vyote vilifanywa ndani ya kamera, bila kompyuta. Lafudhi ya mwigizaji Keanu Reeves ndiyo inayopwaya.

Kwa jumba, Crimson Peak (2015) haina mpinzani: mwongozaji Guillermo del Toro alijengesha nyumba ya ghorofa tatu studioni Toronto, na udongo mwekundu unachuruzika kutani. Kilichowavunja watu moyo ni trela. Iliahidi mizuka ya kutisha. Wakakuta mapenzi na usaliti, na mizuka inayoonya tu.

Ukitaka kushtuka, anza na Dracula. Ukiwa na skrini kubwa na subira ya saa mbili, zima taa, weka Crimson Peak, na usisubiri mayowe.